Kadi Mbili za Mtandao Ndani ya Subneti Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mifano ya ukurasa huu inahusu mashine moja ya Linux yenye kadi mbili zilizochomekwa kwenye swichi moja: eth0 yenye anwani 192.168.10.11 na eth1 yenye anwani 192.168.10.12, zote zikiwa katika subneti (kipande kimoja cha mtandao) 192.168.10.0/24, na lango la kutokea nje ya subneti likiwa 192.168.10.1. Kwenye mashine yako huenda majina yakawa enp3s0 au ens18; badilisha ipasavyo. Mifumo mingine ya jamii ya Unix imezungumziwa katika swali la 16.

## Misingi

1. Je, inaruhusiwa kuweka kadi mbili katika subneti moja?

Inaruhusiwa, na Linux haitakukataza wala kukuonya. Amri ya `ip addr add` itapita kimya kwa kadi zote mbili, ping itajibu kwa anwani zote mbili, na hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha.

Kwa kweli huenda kompyuta yako ya mkononi inafanya hivyo sasa hivi. Ukichomeka kebo ya ruta ya nyumbani bila kuzima Wi-Fi, tayari una kadi mbili katika subneti moja. Haisumbui kwa sababu NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, huipa njia ya kebo metriki (nambari ya kipaumbele) 100 na ile ya Wi-Fi metriki 600, nayo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huchagua metriki ndogo. Tena kwenye kompyuta ya mkononi hakuna anayejali pakiti imetoka upande gani. Shida huanza pale mtu anapojali, yaani kwenye seva.

2. Kwa nini pakiti zote zinatoka kupitia kadi moja tu?

Kwa sababu kerneli huchagua njia kwa kuangalia pakiti inaelekea wapi, na kwa kawaida haiangalii imebeba anwani gani ya mtumaji. Tazama jedwali la njia baada ya kuweka anwani zote mbili kwa mkono:

```
192.168.10.0/24 dev eth0 proto kernel scope link src 192.168.10.11
192.168.10.0/24 dev eth1 proto kernel scope link src 192.168.10.12
```

Mistari hii miwili ina lengo moja na metriki moja, kwa hiyo ule uliotangulia kuwekwa ndio unaoshinda kila mara, na wa pili unakaa pale kama pambo. Programu iliyojifunga kwenye 192.168.10.12 itatuma majibu yenye anwani hiyo, lakini majibu yenyewe yatatokea eth0. Unaweza kuhakikisha bila kutuma chochote:

```
ip route get 192.168.10.50 from 192.168.10.12
```

Jibu litataja `dev eth0`. Ukiizima eth0 kwa `ip link set eth0 down` kisha ukaiwasha tena, njia yake huondolewa na kurudishwa nyuma ya ile ya eth1, na mambo yote hugeuka. Ndiyo maana watu husema kwamba seva ilibadilika yenyewe baada ya matengenezo.

3. Anwani ya IP ni mali ya kadi au ya mashine?

Katika Linux, anwani ni mali ya mashine. Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote yaliyomo humu, kwa kuwa karibu kila kioja kinachosimuliwa katika maswali ya 6 hadi 9 kinatokana nalo. Kuandika `dev eth1` mbele ya anwani hakuifungi anwani hiyo kwenye eth1. Kunaiambia kerneli kwamba anwani hii ni yetu, na kwamba subneti yake inafikika kupitia kadi hii. Pakiti yenye anwani hiyo ikiingia kwa mlango wowote, itapokelewa.

Hii si hitilafu. Hati ya RFC 1122 ya Oktoba 1989, inayoeleza wajibu wa kila mashine iliyo kwenye intaneti, ilikubali mitindo miwili: mtindo mkali, ambapo pakiti sharti iingie na kutoka kupitia kadi yenye anwani husika, na mtindo legevu, ambapo sharti hilo halipo. Linux ilichagua ule legevu, na kwa mashine yenye kadi moja kwa kila subneti tofauti haionekani kamwe.

4. Je, nitasababisha kitanzi kwenye swichi?

Hapana, maadamu kadi hizo hazijaunganishwa kwa daraja (bridge). Mashine ya kawaida haipitishi fremu kutoka kadi moja kwenda nyingine. Ukiziweka zote mbili ndani ya daraja `br0` hali hubadilika: umetengeneza kitanzi halisi, na daraja la Linux huja likiwa limezima STP, itifaki ya kuzuia vitanzi. Mtandao mzima wa ofisi unaweza kusimama ndani ya sekunde chache.

5. Je, nitapata kasi maradufu?

Kwa kuweka anwani mbili tu, hapana. Pakiti zinazoingia huenda zikagawanyika, lakini zinazotoka zitabanana kwenye kadi moja kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 2. Kuhusu kasi ndani ya bondi (kadi mbili zinazofanya kazi kama moja), tazama swali la 12.

## Dalili zinazowatatiza watu

6. Nimechomoa kebo ya eth1, mbona 192.168.10.12 bado inajibu?

Kwa sababu eth0 inaijibia. Jirani anapouliza kwa ARP (itifaki ya kutafuta MAC, yaani anwani ya maunzi ya kadi) ni nani mwenye 192.168.10.12, swali hilo hutangazwa kwa mashine zote, hivyo linafika eth0. Kerneli inaona kwamba anwani ni yetu na inajibu kwa MAC ya eth0. Mazungumzo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wengine huichukulia hii kama zawadi. Mimi siipendi, kwa kuwa inaficha ubovu. Seva moja ya nakala za akiba niliyokuwa nikiitunza ilikaa miezi kadhaa na kebo ya eth1 ikiwa imelegea kwenye poti ya swichi, huku mfumo wa ufuatiliaji ukipiga ping kwenye anwani zote mbili kila dakika na kuonyesha rangi ya kijani. Tuligundua siku ya kuhamisha rafu, mwenzangu alipoishika kebo ikatoka mkononi bila hata kubonyeza ulimi wake. Amri ya `ip -s link show eth1` ingetuambia mapema: hesabu ya pakiti zilizopokelewa ilikuwa imesimama. Ukifuatilia kadi, soma hesabu zake na hali ya kebo yake. Ping kwenye anwani haithibitishi kitu kuhusu kadi.

7. Nikichomoa kebo ya eth0 kila kitu kinakatika ingawa eth1 ni nzima. Kwa nini?

Hiki ni kinyume cha swali la 6, na ndicho kinachowaumiza wale walioweka kadi ya pili kama tahadhari. Kebo ikichomolewa, kadi bado imewashwa, ila haina mawimbi. Kerneli huiacha njia ya eth0 ndani ya jedwali, ikiibandika neno `linkdown`, na kwa mipangilio ya awali inaendelea kuitumia. Majibu yote yanaelekezwa kwenye kadi isiyo na kebo na kupotelea hapo.

Kuna kigezo cha kerneli kiitwacho `net.ipv4.conf.eth0.ignore_routes_with_linkdown`, ukikipa 1, njia za namna hiyo kwenye eth0 zitarukwa. NetworkManager nayo huondoa anwani ya kadi iliyopoteza mawimbi baada ya kusubiri kidogo, na hivyo dalili hii huonekana zaidi kwenye seva zilizosanidiwa kwa mkono. Hata hivyo, kama lengo lako ni tahadhari, usizunguke: nenda swali la 10.

8. Kwa nini majirani wanaona anwani moja ikihamahama kati ya MAC mbili?

Kadi zote mbili zinasikia swali lile lile la ARP na kila moja inajibu kwa MAC yake. Kutoka mashine nyingine iliyo kwenye swichi hiyo, jaribu `arping -b -I eth0 192.168.10.12`, utaona majibu mawili kwa swali moja:

```
Unicast reply from 192.168.10.12 [52:54:00:AA:00:01]  0.712ms
Unicast reply from 192.168.10.12 [52:54:00:AA:00:02]  0.745ms
```

Jirani atashika mojawapo, na baadaye akiuliza tena huenda akashika nyingine. Itifaki ya ARP, iliyoandikwa katika RFC 826 ya Novemba 1982, haina namna ya kumwambia lipi ndilo jibu sahihi, na kwa mtindo legevu yote mawili ni sahihi. Madhara yake ni kwamba kadi uliyoitenga kwa ajili ya nakala za akiba inabeba kazi za watumiaji, faiwoli iliyoandikwa kwa jina la kadi inazuia isichopaswa kuzuia, na swichi yenye ulinzi wa ARP inakushuku kuwa mwizi wa anwani.

Tiba ni `arp_ignore` yenye thamani 1, inayoiagiza kadi ijibu tu kuhusu anwani iliyowekwa juu yake, pamoja na `arp_announce` yenye thamani 2, inayoiagiza kadi inapouliza itaje anwani inayoifaa. Watu wengi huweka ya kwanza na kuisahau ya pili. Hapo eth0 inapouliza ikitaja anwani ya eth1, jirani hujifunza vibaya kutokana na swali lenyewe.

9. Nikitumia tcpdump naona pakiti zikiingia eth1, lakini programu haizipati. Zinakwenda wapi?

Zinatupwa na ukaguzi wa njia ya kurudi, `rp_filter`. Thamani 1 humaanisha hivi: pakiti ikiingia eth1, kerneli hujiuliza kama yenyewe ingemjibu mtumaji kupitia kadi hiyo hiyo, na jibu likiwa hapana pakiti inatupwa bila neno. Kwa kuwa njia ya kurudi ni eth0 (swali la 2), kila kinachoingia eth1 kinatiliwa shaka. Hata maswali ya ARP hupitia ukaguzi huo, kwa hiyo katika hali hii eth1 haijibu ARP kabisa, na eth0 inazibeba anwani zote mbili peke yake.

Thamani 2 ni legevu: inatosha mtumaji awe anafikika kupitia kadi yoyote. Kerneli yenyewe huanza na 0, lakini wasambazaji wa Linux hubadilisha kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo usikisie. Soma kwa `sysctl -a | grep rp_filter`. Zingatia pia kwamba kati ya thamani ya `all` na ile ya kadi husika, iliyo kubwa ndiyo inayotumika. Aliyeweka 0 kwenye eth1 huku `all` ikiwa 1 hajabadilisha kitu. Ukitaka kuziona pakiti zinazotupwa, washa `log_martians` kisha usome `dmesg`.

## Kurekebisha

10. Nitumie bondi, au njia za sera?

Jiulize kwanza kwa nini unataka kadi mbili. Ukitaka huduma isikatike kebo moja ikiharibika, au ukitaka upana zaidi kwa watumiaji wengi, unachohitaji ni bondi: kadi mbili zinazofanya kazi kama moja, zenye anwani moja. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuwa na anwani mbili zinazotembea kwenye kebo mbili tofauti, kwa mfano kutenga trafiki ya nakala za akiba kwenye poti yake, basi njia za sera za swali la 13, yaani kuchagua njia kwa kuangalia anwani ya mtumaji, zinakufaa.

Kwa uzoefu wangu wengi wanaouliza kuhusu anwani mbili walikuwa wanahitaji bondi. Kuna na njia ya tatu, ambayo ni rahisi kuliko zote na husahaulika: ipe kadi ya pili subneti yake. Kama mtandao ni wako na VLAN (mitandao pepe ndani ya swichi) unaweza kuziongeza, matatizo ya maswali ya 2 hadi 9 karibu yote yanatoweka bila amri hata moja ya kigeni.

11. Bondi inawekwaje?

Kwa jaribio la haraka:

```
ip addr flush dev eth0
ip addr flush dev eth1
ip link add bond0 type bond mode active-backup miimon 100
ip link set eth0 down
ip link set eth0 master bond0
ip link set eth1 down
ip link set eth1 master bond0
ip link set bond0 up
ip addr add 192.168.10.11/24 dev bond0
ip route add default via 192.168.10.1
```

Usiziandike ukiwa umeingia kwa SSH kupitia eth0, kwani mstari wa kwanza tu utakutupa nje. Nambari ya `miimon` ni milisekunde: hapa hali ya kebo inakaguliwa kila milisekunde 100. Baadaye soma faili `/proc/net/bonding/bond0` uone ni kadi ipi iliyo kazini, kisha chomoa kebo yake na usome tena. Bondi ambayo haijawahi kuchomolewa kebo haijajaribiwa.

12. Kati ya hali saba za bondi, nichague ipi?

Zinaanzia 0 hadi 6, lakini kwa kazi za kila siku mbili zinatosha. Hali ya 1, `active-backup`, haihitaji chochote kwenye swichi na inaweza hata kugawanywa kati ya swichi mbili, jambo ambalo ndilo tahadhari ya kweli, maana swichi nayo hufa. Hali ya 4, `802.3ad`, inahitaji swichi inayojua LACP, itifaki ya kuunganisha kebo kadhaa ziwe kama moja, na iliyosanidiwa hivyo.

Katika hali ya 4, mazungumzo mamoja ya TCP hubaki kwenye kebo moja. Kadi mbili za gigabiti 1 zitawahudumia watu ishirini vizuri zaidi, lakini mtu mmoja anayenakili faili moja hatavuka gigabiti 1 kwa sekunde. Hali ya 0, `balance-rr`, ndiyo inayoyagawa hata mazungumzo mamoja, ila pakiti hufika zikiwa zimepitana, na TCP huhesabu mkanganyiko huo kama upotevu na kupunguza mwendo.

13. Nataka kila anwani ibaki kwenye kadi yake. Nifanye nini?

Mpe kila mtumaji jedwali lake la njia. Nambari 253, 254 na 255 zina wenyewe (default, main na local), hivyo chagua nyingine:

```
ip route add 192.168.10.0/24 dev eth0 src 192.168.10.11 table 101
ip route add default via 192.168.10.1 dev eth0 table 101
ip rule add from 192.168.10.11 table 101

ip route add 192.168.10.0/24 dev eth1 src 192.168.10.12 table 102
ip route add default via 192.168.10.1 dev eth1 table 102
ip rule add from 192.168.10.12 table 102

sysctl -w net.ipv4.conf.all.arp_ignore=1
sysctl -w net.ipv4.conf.all.arp_announce=2
sysctl -w net.ipv4.conf.all.rp_filter=2
```

Kanuni za `ip rule` ndizo zinazoifanya kerneli iangalie anwani ya mtumaji kabla ya kuchagua jedwali. Mistari ya ARP ni sehemu ya tiba, si nyongeza: kanuni zinatawala pakiti zinazotoka, ARP inatawala zinazoingia, na ukiweka nusu moja tu utapata mazungumzo yanayoingia mlango huu na kutokea ule. Rudia `ip route get` ya swali la 2. Sasa itataja `dev eth1`.

Kikomo kimoja: programu isiyojifunga kwenye anwani yoyote inapoanzisha mazungumzo, bado haina anwani ya mtumaji wakati njia inachaguliwa, kwa hiyo itapitia jedwali kuu na kutokea eth0. Programu nyingi zina kigezo cha kutaja anwani ya kutokea. Amri ya `ssh` ina `-b`, `rsync` ina `--address`, na `ping` ina `-I`.

14. Je, mipangilio hii itabaki baada ya kuwasha upya?

Haitabaki, na tena huhitaji kuwasha upya ili kuipoteza: `ip link set eth1 down` huondoa njia zote za eth1 pamoja na zile za jedwali 102, na ukiiwasha tena njia za jedwali hilo hazirudi. Kanuni hubaki zikielekeza kwenye jedwali tupu. Liachie jambo hili programu inayosimamia mtandao wako. Kwa NetworkManager, ikiwa muunganisho wako unaitwa eth1:

```
nmcli con mod eth1 ipv4.route-table 102
nmcli con mod eth1 ipv4.routing-rules "priority 102 from 192.168.10.12 table 102"
nmcli con up eth1
```

Hapo hata njia ya subneti ya eth1 huhamia jedwali 102, na jedwali kuu linabaki safi. Mistari ya sysctl iandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`.

15. Je, niweke lango kwenye kadi zote mbili?

Katika jedwali kuu, weka moja. Lango la pili lina maana ndani ya jedwali lake la sera tu, kama ilivyo katika swali la 13.

## Hali za pembeni

16. Hali ikoje kwenye FreeBSD na mifumo mingine?

FreeBSD hulalamika waziwazi, na hilo ni jema. Ikipokea ARP ya jirani kwenye kadi ambayo haikuitarajia, huandika kwenye kumbukumbu za mfumo mstari unaoanza na `arp:` na wenye maneno `is on em0 but got reply from`, ukifuatwa na MAC na jina la kadi ya pili. Unaweza kuunyamazisha kwa kuweka `net.link.ether.inet.log_arp_wrong_iface` kuwa 0, lakini ni sawa na kutoa betri kwenye king'ora cha moshi. Bondi ya huko inaitwa `lagg`:

```
ifconfig lagg0 create
ifconfig lagg0 up laggproto failover laggport em0 laggport em1 192.168.10.11/24
```

Solaris ina IPMP kwa kazi hiyo. Waliowahi kushika mashine za Sun zenye prosesa ya SPARC watakumbuka kioja kingine: kadi zote za mashine moja zilitumia MAC moja, jambo lisilo na madhara kwenye subneti tofauti ila linaloivuruga swichi zikiwa pamoja, hadi ulipowasha kigezo cha `local-mac-address?` kwa amri ya `eeprom`.

17. Je, IPv6 ina matatizo haya?

Nusu yake. Linux hujibu ombi la kutafuta jirani la IPv6 kupitia kadi yenye anwani hiyo tu, hivyo swali la 8 halipo. Lakini uchaguzi wa njia ya kutokea uko vile vile, na unahitaji kanuni zako kwa `ip -6 rule`. Anwani zinazoanza na fe80 zipo kwenye kadi zote mbili. Ndiyo maana sharti uandike `fe80::1%eth1` ukitaja kadi.

18. Nina diski za iSCSI (hifadhi inayofikiwa kupitia mtandao) zenye njia mbili. Je, nizifunge kwa bondi?

Kwa kawaida usifanye hivyo. Hapa `multipath` ndiyo inayosimamia njia mbili, nayo inafanya kazi vizuri zaidi ikiziona zote mbili waziwazi. Ipe kila kadi subneti yake; na kama mwenye hifadhi ameng'ang'ania subneti moja, tumia swali la 13 kikamilifu.

19. Nimeunganisha eth0 na eth1 za mashine moja kwa kebo ili nipime kasi, mbona napata kasi isiyowezekana?

Kwa sababu pakiti hazijagusa kebo. Anwani zote mbili ni za mashine, jedwali la `local` husomwa kabla ya yote, na mazungumzo yanapitia `lo` ndani ya kumbukumbu. Itenge kadi moja katika nafasi yake ya majina (network namespace), ambako itakuwa na jedwali lake na haitajua kwamba eth0 ni ndugu yake:

```
ip netns add jaribio
ip link set eth1 netns jaribio
ip netns exec jaribio ip addr add 192.168.10.12/24 dev eth1
ip netns exec jaribio ip link set eth1 up
ip netns exec jaribio iperf3 -s
```

Kisha kwenye dirisha jingine endesha `iperf3 -c 192.168.10.12`. Safari hii taa za kadi zote mbili zitawakawaka. Ukimaliza, `ip netns del jaribio` huirudisha eth1 mahali pake, ikiwa haina anwani.